Mimi nani?

Salamu wasomaji wangu. Mwezi huu meseji nyingi ni za ndoa na za mashamba, hizo nitazirudia toleo lijalo, lakini kuna tatu zimetoka pande tatu tofauti na hawa watu hawajuani, halafu wote wanauliza kitu kimoja. Leo safu yote ni yao.

*Habari Mwalimu. Mimi ni mama fundi hapa Kisumu, nashona tangu 2002, cherehani yangu imekaa miaka hiyo yote kwa veranda ya duka ya mzee mmoja Mhindi na hatujawahi kosana. Sasa mzee amehama ameenda kukaa na kijana yake Uingereza. Siku ya kuagana nikamwambia mzee, macho yangu yameanza kukataa, siwezi tena kutia uzi kwa sindano bila kuita mtoto wa jirani, na watu siku hizi wananunua mitumba Kibuye, nikiacha kushona sijui nitakuwa nani. Akaniangalia akasema, mama, wewe si fundi, wewe si hata hayo macho, wewe si hiyo akili inayolia, huyo unayemwita mimi hayuko vile unafikiri. Halafu akaingia kwa gari. Mwalimu tangu siku hiyo silali vizuri. Kama mimi si mimi, nikisema mimi naongea juu ya nani? Alinitusi ama alinibariki?*
*Mama Fundi, Kisumu*

Alikubariki dadangu, ila ni baraka ambayo mtu anahitaji kukaliwa nayo chini na kuelezwa polepole, na yeye hakuwa na muda. Wacha nijaribu mimi.

Hayo maneno hakuyatunga yeye. Yametoka kwa Upanishadi, maandiko ya zamani sana ya Wahindu, na hasa kwa njia moja ya kuyasoma inayoitwa Advaita, maana yake "isiyo mbili". Mtu aliyeipanga hiyo njia ikasimama ni Shankara, mtu wa kusini mwa India, jadi inasema alizaliwa Kaladi huko Kerala na wasomi wengi wanamweka karne ya 8. Kitu kinachonigusa kwake ni kwamba akianza kitabu chake kikubwa cha maelezo haanzi na mbingu wala na vile dunia iliumbwa, anaanzia hapo hapo pako, kwa neno "mimi", na vile kila mtu analitumia kutwa nzima akichanganya vitu viwili ambavyo havifai kuchanganywa.

Sasa fikiria mtu amepiga hodi kwako saa mbili usiku. Unauliza, nani? Anajibu, mimi. Na wewe hata bila kufikiri unamrudishia, mimi nani? Hakuna mtu huku kwetu ambaye hajawahi kuulizwa hivyo mlangoni, na sote tunajibu haraka haraka, mimi mama fulani, mimi jirani, mimi fundi nimeleta nguo, basi komeo linatolewa na swali linaishia hapo. Advaita inachukua swali hilo hilo na inakataa kufungua mlango mapema. Mimi fundi, sawa, hiyo ni kazi yako, lakini mimi nani? Mimi mama, sawa, lakini kabla hujazaa ulikuwa unasema mimi pia, na ulipokuwa msichana wa shule ulikuwa unasema mimi, mwili ule haupo tena, mawazo yale hayapo, kazi hii hukuwa unaijua, na bado ukikumbuka siku hizo husemi "yule", unasema "mimi".

Hicho kinachoshika kila kitu kikipita na kusema "hiki ni mimi" wao wanakiita ahankara. Ukilifungua neno ni "mimi" na "kutengeneza", kwa hivyo ni kitengeneza-mimi, na ndicho watu siku hizi wanakiita ego. Angalia vizuri, hawasemi ego ni ile majivuno tu. Hata ile unyonge wa "mimi sina maana tena" ni ego ile ile, imevaa nguo nyingine. Yule aliyekuwa anajiona mkubwa kwa sababu anashona yunifomu za shule nzima, na huyu anayejiona si kitu kwa sababu macho yamefifia, ni mmoja.

Wazee wetu wa Kiswahili walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shankara na watu wake wana mfano ambao karibu ni huo huo, kamba kwa giza. Mtu anatembea jioni anaona kitu kimejikunja njiani, moyo unaruka, jasho, anapiga kelele, nyoka! Analeta taa, kumbe ni kamba. Sasa niambie, nyoka alienda wapi? Hakuenda popote kwa sababu hakuwahi kuwepo, lakini lile jasho lilikuwa jasho la kweli na kuna watu wameanguka wakavunja mguu wakikimbia kamba. Mzee alipokuambia huyo mimi hayuko vile unafikiri hakumaanisha wewe hauko. Kamba ipo. Ni nyoka ndiye hayupo. Shankara hilo kosa analiita adhyasa, kubandika sifa za kitu kimoja juu ya kingine, na wewe ni fundi, unajua kiraka kikishonwa vizuri na uzi wa rangi ile ile hata mwenye nguo anasahau pale palikuwa na kiraka.

Na kubandika kwenyewe kunaenda pande zote mbili. Pita kwa wale mafundi wa jua kali wanaofua vyuma, uangalie chuma kikitoka kwa moto kimekuwa chekundu. Utasema chuma kinachoma na utasema moto una umbo la jembe. Lakini kuchoma ni kwa moto na umbo ni la chuma, vimeshikana tu mpaka jicho halitenganishi. Vivyo hivyo mwili na akili vinaonekana vina uhai wa kujua vyenyewe, na yule anayejua anaonekana ndiye anazeeka, ndiye anakosa wateja.

Tuje kwa macho yako kwa sababu hapo ndipo uko na mwalimu bora kuliko mimi. Macho yanaona sindano, si ndio. Lakini wewe unajua macho yamefifia, kwa hivyo kuna kitu kinachoyaona macho, tuseme ni akili. Sasa unaniandikia kwamba akili yako haitulii, silali vizuri. Nani amekuambia akili haitulii? Kuna kinachoiona akili pia, ikitulia kinaiona na ikichafuka kinaiona. Hicho chenyewe hakijafifia, kama kingefifia usingejua tofauti. Wao wanakiita shahidi, na jina lake lingine ni atmani. Jaribu kukitafuta uone rangi yake, hutaipata, kwa sababu kila unachokipata tayari kimekuwa kitu kinachoonwa. Ndio maana Upanishadi moja kubwa inakielezea kwa kukataa tu, *neti neti*, si hivi, si hivi.

Halafu kuna hii ya usingizi. Upanishadi inayoitwa Mandukya ni fupi sana, mistari 12 peke yake, na sehemu yake kubwa ni ya kuwa macho, kuota, na kulala fofofo. Ukiota unaweza kuwa msichana mdogo huko nyumbani, cherehani haipo wala mzee Mhindi hayupo, na hapo unaamini kabisa. Ukilala fofofo hata msichana hayuko, hakuna fundi, hakuna mama, hakuna deni, hakuna Kisumu. Na ukiamka hausemi nilikufa nikafufuka, unasema nimelala vizuri, sikujua kitu. Fundi anakuja na kuondoka kila siku, dadangu. Amekuwa akiondoka kila usiku tangu 2002 na hujawahi kuamka ukapata umeisha.

Wacha niongeze yangu. Mamangu mzazi, Mungu amlaze pema, miaka yake mitatu ya mwisho pale nyumbani Luanda alisahau majina yetu yote, akasahau ndoa yake, akasahau kama aliwahi kuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, kitu ambacho alikuwa anajivunia kuliko chochote. Siku moja nikamuuliza, mama, unajua wewe ni nani? Akanyamaza muda mrefu, akasema, sijui, lakini niko hapa. Nilienda jikoni nikalia. Sisemi alikuwa amefikia walipofika hao wahenga, hapana, alikuwa mgonjwa na ugonjwa ulimnyima mambo mengi mazuri, lakini hiyo "niko" yake iliyobaki bila jina nimeifikiria miaka na miaka, na niliposoma haya mambo ya Advaita niliona kama mtu ameniandikia juu ya ile asubuhi.

Huyu mtu mwingine nataka umjue ni Ramana Maharshi, mwalimu wa hii njia huko kusini mwa India. 1896, akiwa kijana wa miaka 16 hivi, yuko peke yake kwa nyumba ya mjomba wake mjini Madurai, hofu ya kifo ikamshika ghafla na hakuwa mgonjwa. Badala ya kukimbia kuita watu alijilaza chini, akanyoosha mikono na miguu kama maiti, akafunga mdomo, akajiuliza, sawa, mwili huu sasa umekufa, utachomwa, je mimi nimekufa? Akaona kuna kitu pale hakijaguswa. Wiki chache baadaye akaondoka nyumbani akaenda Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, na hakutoka huko tena mpaka alipofariki 1950. Watu walikuja na maswali ya kila aina na yeye alikuwa anawarudisha kwa swali moja la Kitamil, *nan yar*, ambalo kwa Kiswahili ni lile lile la mlangoni: mimi nani?

Kwa hivyo usiku huo ukikosa usingizi usipigane nao. Wazo likikuja, nitakula nini, watanionaje, uliza tu, hili limemjia nani? Utajibu, limenijia mimi. Basi uliza tena, mimi nani, na usikimbilie kujibu na jina. Kaa hapo mlangoni kidogo. Na mchana nenda upimwe macho ununue miwani, kwa sababu kujua wewe si macho hakukatazi macho kusaidiwa, na kodi ya veranda itadaiwa na mwenye duka mpya.

*Mwalimu niaje, naitikia kutoka Nakuru, niko na miaka 24. Nimekuwa nikitazama vidio za Advaita karibu mwaka mmoja na nimeelewa kila kitu, dunia ni maya, yaani inaonekana tu, na ego ndio adui. Nimeamua kuiua kabisa. Naamka saa kumi naenda Menengai kukaa kimya, nimeacha marafiki, simu za nyumbani sishiki kwa sababu familia pia ni maya, mathe analia lakini najua hiyo ni attachment tu. Shida ni ego haifi. Nikikaa siku tatu poa inarudi na nguvu. Nipe mbinu ya kuimaliza.*
*Kijana, Nakuru*

Mwanangu, nitakuambia kitu kwa upendo kwa hivyo kisikilize mpaka mwisho.

Katika Upanishadi ya Chandogya kuna kijana anaitwa Shvetaketu. Alienda kusoma akiwa na miaka 12, akarudi kwao akiwa na 24, umri wako, na maandishi yanasema alirudi amejaa kiburi akijiona msomi. Babake, Uddalaka, hakumpiga wala hakumpongeza, alimuuliza tu kama alifundishwa lile ambalo ukilijua hata usichokisikia kimesikika. Kijana hakuwa amewahi kulisikia. Babake akachukua udongo akamwambia, ukijua bonge moja la udongo umejua vyungu vyote, kwa sababu chungu na sufuria ya udongo na mtungi ni majina tu, kilicho kweli pale ni udongo. Kisha akamwambia maneno matatu, *tat tvam asi*, hicho ndicho wewe, na akayarudia mara tisa kwa mifano tofauti. Mara tisa, na yule alikuwa ametoka shule ya miaka 12. Wewe una mwaka mmoja wa vidio na unasema umeelewa kila kitu.

Sasa hii ya kuua. Nani anamuua nani? Ramana alikuwa na mfano mzuri sana, alisema kumpa ego kazi ya kumaliza ego ni kama kumfanya mwizi awe polisi ili akamate mwizi ambaye ni yeye mwenyewe. Atapiga kelele, atakimbia huku na huku, atajaza ripoti, na mwizi hatapatikana. Huyo anayeamka saa kumi akapanda Menengai na kuhesabu siku tatu alizokaa poa, huyo ndiye. Tena amenenepa, kwa sababu zamani alikuwa kijana wa kawaida na sasa ni kijana aliyezidi wenzake wote kiroho. Yule nyoka wa gizani hauawi na rungu. Ukipiga rungu umekubali kwamba yupo, na unaharibu kamba bure. Leta taa, angalia, basi.

Na maya umeielewa vibaya, hapa ndipo nataka ukae kabisa. Maya haimaanishi hakuna kitu. Umeshasafiri mchana wa jua kali kwenye lami hiyo ya kwenda Gilgil, mbele barabara inang'aa maji, karibu uape ni ziwa. Ukijua si maji, je maji yanaacha kuonekana? Hapana, yanaendelea kuonekana vile vile, ila hushuki na ndoo. Mtu aliyejua anaendelea kuona watu, njaa, pesa, mama. Shankara mwenyewe aliweka ngazi mbili, ukweli wa mwisho, na ukweli wa shughuli za kila siku, na huu wa pili ukiwa ndani yake una sheria zake kamili. Maadamu ukikosa chakula unasikia njaa, basi na mama yako akikosa simu yako anasikia uchungu, huwezi kuchagua njaa yako iwe ya kweli na machozi yake yawe maya. Hiyo si Advaita, hiyo ni kuwachoka watu na kutafutia jina la Kisanskriti.

Utaniambia hao wakubwa waliacha nyumba. Ndiyo, waliacha. Lakini mamake Ramana alimfuata mlimani akaishi pale naye tangu 1916, na siku anakufa, Mei 1922, mwanawe alikaa kando yake saa nyingi mkono mmoja kifuani pake na mwingine kichwani mpaka akakata roho. Na simulizi za jadi za Shankara zinasema alirudi kuchoma maiti ya mamake ingawa mtawa hakuruhusiwa kufanya hivyo na jamaa walimkataza. Mtu asiyeona wawili anawezaje kumwachia mwingine uchungu eti si wangu?

Mpigie leo. Halafu kula na ulale, na kama miezi hii unakaa bila kula au bila usingizi, au unasikia dunia imekuwa mbali kama iko nyuma ya kioo mpaka inakuogopesha, muone daktari na usione aibu. Marafiki pia warudie.

*Mwalimu mimi ni Mkristo hapa Kakamega, binti yangu anafanya kazi kwa familia ya Wahindi na amekuja na maneno ati mtu ni Mungu. Hii si kufuru?*
*Mama Kanisa, Kakamega*

Mama, mimi pia niko kanisani kila Jumapili kwa hivyo nakuelewa. Sitakudanganya kwamba ni kitu kimoja na mafundisho yetu, si kimoja. Sisi tunasema Muumba na kiumbe ni wawili na watabaki wawili, upendo ndio unaunganisha. Advaita inasema mwisho wa yote si wawili, atmani na Brahmani (huyo si Brahma yule mungu wa kuumba, ni jina la uhalisia wenyewe) ni kitu kimoja. Hiyo ni tofauti kubwa na ni heshima kwa pande zote mbili kuiacha iwe tofauti.

Ila hawasemi vile umesikia. Hawasemi "mimi fulani wa Kakamega ni Mungu". Huyo fulani, na cheo chake na hasira zake, ndiye wanamwambia asimame kando kwanza. Mtu akitembea akijigamba mimi ni Mungu hata wao watasema ego imempanda kichwani.

Pia usidhani ndivyo Wahindu wote wanaamini. Ramanuja, mwalimu mwingine wa Kihindu, alimpinga Shankara kwa nguvu, baada yake Madhva karne ya 13 akasema wazi kwamba Mungu na roho ni wawili milele, na wafuasi wa dhehebu la Swaminarayan, ambao Kisumu na Nairobi ni wengi, wanamwabudu Mungu ambaye mja hawezi kamwe kuwa yeye. Wangekaa na wewe wakakubaliana mambo mengi. Muulize binti hiyo familia ni ya upande gani kabla hujaogopa.

Na mkikaa pamoja jioni mwombe akuonyeshe ule mfano wa chumvi, kama anaujua, ni wa yule yule Uddalaka na kijana wake. Mnaweka donge la chumvi kwa kikombe cha maji usiku. Asubuhi mnaitafuta, haionekani, hata mkiweka mkono haishikiki. Halafu onja ya juu, onja ya katikati, onja ya chini, na uniandikie uliona nini.